Karatasi Nilizosema Nimezichoma

Je, niliziona zikiungua? Swali hilo lilininyima usingizi karibu wiki mbili katika chumba nilichopanga Makandana, mjini Tukuyu, na ajabu ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Sikuziona. Nilichokuwa nikikitafuta, nikigeuka huku na huku kitandani na mvua ikipiga bati, ni namna ya kulizunguka jibu hilo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashamba ya chai yakibadilisha wenyewe na ofisi za serikali zikiandaa orodha za watu wa kupunguzwa. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanazunguka Dar es Salaam na bahasha za vyeti. Mimi nilipata kazi nyumbani, katika chuo kidogo cha biashara nje ya mji, upande wa kwenda Kyimo. Walinipa cheo kirefu: ofisa wa kumbukumbu na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja. Ilikaa katika chumba chenye nondo dirishani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa kuwa unyevu wa Tukuyu huingia hata ndani ya kabati lililofungwa, mkuu wa chuo aliagiza taa ya chumba hicho isizimwe, ili mashine ipate joto. Nilikuwa nikiingia asubuhi naikuta imekaa kwenye mwanga wake wa manjano kama mgonjwa anayelindwa.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mitihani. Wakufunzi waliniletea maswali kwa mkono, mimi nikayaandika kwenye kompyuta, nikayahifadhi kwenye disketi, nikachapa nakala. Kabla yangu kazi hiyo aliifanya mama mpiga chapa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa amepiga mitihani ya chuo kile kwenye stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, na haikuwahi kusikika kwamba swali hata moja limetoka nje ya chumba chake. Watu walipenda kusimulia jinsi mtoto wa dada yake alivyosoma hapo, akalala nyumbani kwake miaka miwili, akafeli. Sasa jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupunguzwa. Kila mtu alijua kwamba mwisho wa mwezi wa sita angeondoka, na kila mtu alijua kwamba kinachomwondoa ni ile mashine ninayoiendesha mimi. Hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu ningejua pa kusimama. Badala yake alinipikia chai, akaniuliza habari za mama yangu, na kunitania.

"Mwanangu, leo mashine umeipa neno gani?" aliniuliza Jumatatu moja akipita mlangoni na birika.

"Siwezi kukwambia, mama. Ndiyo maana ya neno la siri."

"Mwe! Unaifungia ndani kama mwali. Siku ukiumwa nani atamtoa?"

Nilicheka, kisha nikalifikiria jambo hilo siku tatu. Nilikuwa nabadilisha neno la siri kila Jumatatu. Nikaamua kuliandika kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikampelekea mkuu aifungie kwenye sefu. Halafu nikakumbuka kwamba ufunguo wa sefu huning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa mkuu, na hata watu wanaokuja kuuza maparachichi wanaujua. Nikaenda kuiomba bahasha. Mkuu akanitazama juu ya miwani. "Binti, wewe utakufa kwa mawazo," alisema, akanirudishia. Disketi nilikuwa nazibeba nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni na kulala nazo chini ya mto. Nilikuwa na hakika kwamba siku mtihani ukivuja, utavujia kwenye mashine.

Sasa karatasi. Printa ile ilitumia karatasi ndefu zilizoungana, zenye safu ya matundu kila upande, na unyevu ulizifanya zijikunje na kukwama. Ili kupata nakala moja safi niliharibu nyingine kadhaa, maswali yote yakisomeka isipokuwa mstari mmoja uliopinda. Utaratibu wa chuo ulikuwa kwamba kila Ijumaa karatasi zilizoharibika zichomwe kwenye shimo nyuma ya stoo. Mmoja anachoma, mwingine anashuhudia, wote wawili wanatia sahihi kwenye daftari. Mchomaji nilikuwa mimi. Shahidi alikuwa mama mpiga chapa.

Ijumaa yangu ya kwanza nilimfuata ofisini kwake na mwavuli. Nje ilikuwa inanyesha ile mvua yetu ambayo haina haraka, inayoanza saa nne na kwenda hadi jioni.

"Twende wapi?" aliuliza.

"Shimoni, mama. Kuchoma karatasi. Wewe ni shahidi."

Aliweka kikombe chini. "Gwe, unataka nisimame mvuani nikutazame wewe unawasha moto? Kwani wewe ni mwizi?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu huo uliwekwa na watu wasioaminiana. Lete daftari."

Akatia sahihi, herufi zake za duara, nadhifu kama za mwalimu wa darasa la kwanza. Nilisimama pale na mwavuli wangu. Ningemwambia nini? Alikuwa na umri wa mama yangu, na zaidi ya hapo alikuwa mzee wa kanisa. Kwetu mtoto hamwambii mtu kama yule "simama hapa utazame." Huko ni kumtuma. Na kumwambia kwamba kuniamini kwake ni kosa kungekuwa tusi kubwa kuliko kumtuma. Nikashika daftari kwa mikono miwili, nikasema ndaga, asante, nikaenda kuchoma peke yangu. Tangu hapo alikuwa akitia sahihi kabla sijatoka. Ikawa ndiyo desturi yetu ya Ijumaa: chai, sahihi, halafu mimi na kiberiti.

Ijumaa ninayoizungumzia ilikuwa katikati ya mwezi wa nne. Kiroba kilikuwa na karatasi zilizoharibika za mtihani wa sheria za biashara, uliokuwa umebakiza wiki mbili kufanyika. Mama alikuwa ameshatia sahihi. Nilipofika nyuma ya stoo nikakuta shimo limejaa maji hadi ukingoni, majivu ya wiki zilizopita yakielea juu. Nikasimama chini ya upenu. Nilijaribu njiti moja, ya pili, ya tatu. Kiberiti kilikuwa kimenyonya unyevu. Nikafikiria kurudisha kiroba chumbani, lakini daftari lilikuwa tayari limesainiwa kwamba karatasi hazipo. Nikafikiria kwenda nacho nyumbani, nikaona nikikutwa nacho njiani itakuwaje. Nilikuwa bado nafikiri pale mpishi wa chuo alipotoka jikoni, macho mekundu kwa moshi. Alikuwa mtu wa Kawetele, mcheshi, anayeimba akikoroga ugali.

"Dada, hizo unazipeleka wapi na mvua hii?"

"Nazichoma."

"Unazichomea kwenye maji?" Akacheka hadi akakohoa. "Nipe mimi. Tangu asubuhi napuliza kuni mbichi, nimekuwa kama mhunzi. Chuo kizima kinangoja ugali."

"Utazichoma zote?"

"Sasa nitazifanyia nini? Nizitie kwenye maharage?"

Mimi ambaye nilikuwa nafikiria kila kitu, nilifikiri kwamba moto ni moto. Wa shimoni na wa jikoni inatofautiana nini? Nikampa kiroba. Sikumwambia ni karatasi za nini. Nilijipa sababu kwamba nikimwambia nitakuwa nimezipa thamani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelowa, nina baridi, na nilitaka jambo liishe. Nikarudi chumbani, nikafungua daftari, na kando ya sahihi ya mama nikaandika neno moja: "Zimechomwa." Nikatia sahihi yangu.

Alhamisi iliyofuata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alikwenda kwa mkuu na kipande cha karatasi chenye mafuta. Alikuwa amenunua vitumbua getini, na alipomaliza kula akaona karatasi aliyofungiwa ina swali la mikataba. Akahesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani, akaogopa, akakipeleka. Ilibainika kwamba wenzake kadhaa walikuwa wamekula vitumbua vya namna hiyo tangu Jumatatu na hawakuogopa. Mtihani ukafutwa.

Muuza vitumbua aliitwa. Alisema karatasi za kufungia hununua sokoni, haangalii zimeandikwa nini. Alikuwa mke wa mpishi. Mkuu alilijua hilo na hakulitilia maanani, kwa sababu mpishi hakuwa na ufunguo wa chumba chochote. Kisha akaniita mimi.

Daftari lilikuwa wazi mezani. Kando yake kile kipande. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi iwe kama kioo, maandishi yakionekana pande zote mbili, na kwenye ukingo mmoja kulikuwa na matundu matano ya duara. Stensili haina matundu hayo. Mama mpiga chapa hakuwahi kuigusa printa. Mtu pekee pale chuoni ambaye angeweza kuyatazama matundu yale na kujua yametoka kwenye kiroba gani nilikuwa mimi.

"Hapa pana sahihi mbili," mkuu alisema. "Yako na ya yule mama. Wewe ni msomi, umekuja juzi, una maisha mbele yako. Huna sababu. Yule yumo kwenye orodha. Mtu anayeondoka na uchungu, unajua mwenyewe. Alikuja shimoni, akachomoa chache ukiwa umegeuka, akampelekea yule mwanamke wa vitumbua. Unaonaje?"

Nilisema, "Sijui, mzee."

Maneno mawili. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kusema. Sikumsingizia mtu, nilijiambia nikitoka. Nimesema sijui tu. Lakini nilijua kwamba mkuu alikuwa ameniuliza kama afanye vile, nami nimemwambia afanye.

Mama alisimamishwa siku hiyohiyo, akangoje kikao cha nidhamu. Tarishi ndiye aliyenieleza uzito wake: akipatikana na hatia, hataondoka mwezi wa sita kama wenzake wa kwenye orodha, kwa barua ya shukrani na haki zake. Atafukuzwa. Miaka yake yote pale ingefungwa kwa neno wizi.

Ndipo zilipoanza zile karibu wiki mbili za kugeuka kitandani. Nilifanya jambo ambalo naona aibu hata kuliandika: nilijaribu kuamini kwamba kweli alikuwa yeye. Je, kama alichukua chache asubuhi, kabla sijafunga kiroba? Ofisi zetu zinapakana. Mara moja nilitoka kwenda msalani. Na kwa nini hasa alikataa kuja shimoni? Pengine hakutaka kuona. Nilijenga kesi nzima dhidi yake, tofali juu ya tofali, na ilipokamilika nilikuwa napata usingizi kama wa saa moja. Kisha nakumbuka mpishi akisema "nizitie kwenye maharage," nayo inaanguka yote.

Jumatatu nilimfuata jikoni. Hakuwa anaimba.

"Kaka, zile karatasi ulizichoma?"

Alichungulia mlangoni kabla ya kujibu. "Nyingi nilichoma."

"Nyingi?"

"Zile kavu, safi, za upande mmoja, nilimwekea mama watoto. Mvua hii, dada, karatasi kavu ni mali. Wewe uliniambia ni za kuchoma. Hukuniambia ni za siri."

"Sikukwambia."

"Basi." Akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. "Ukinitaja nimekwisha. Nina watoto wanne. Mkuu hatauliza nilijua au sikujua."

Nilikwenda kumtafuta mtu wa kubeba mzigo pamoja nami, nikaondoka nimebeba wawili. Nikisema ukweli, nilifikiri, ninamwokoa mama na kumzika mpishi. Nikinyamaza, ninamzika mama. Niligundua kwamba hesabu hiyo ilikuwa inanifaa, kwa sababu ilionyesha kwamba kila njia ni mbaya, na mtu ambaye kila njia yake ni mbaya anaruhusiwa kukaa. Ila nilikuwa naficha kitu kimoja katika hesabu hiyo. Palikuwa na njia ya tatu, ambayo atakayeumia ndani yake ni mimi, na kila nilipoifikia nilianza kuhesabu upya.

Siku moja kabla ya kikao mama alikuja kuchukua vitu vyake. Aliruhusiwa nusu saa, tarishi akiwa amesimama mlangoni akijifanya anasoma tangazo ukutani. Nilimsikia akivuta droo. Nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana.

Alikuwa anaviringisha mto wa kiti chake kwenye kanga. Birika lilikuwa limeshafungwa.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. "Mbona umekonda?"

"Ndaga, mama. Nipo."

"Hulali. Nakuona. Usijitie mawazo juu yangu." Akafunga fundo la kanga kwa meno. "Jumapili kanisani wameniambia nipumzike kwanza kuhudumu. Wamesema kwa upole, eti mpaka mambo yatulie. Nikawaambia sawa. Lakini nikawaambia na hili pia: yule binti alizichoma karatasi zile. Kama zimetoka, zimetokea kwingine. Mimi nimetia sahihi, na siwezi kutia sahihi uongo."

Aliweka kanga yake begani, akanitazama kidogo, na nilidhani sasa ataniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku nyingi. Hakuniuliza.

"Hii stuli nakuachia," alisema. "Yako ina mguu mbovu. Utaanguka siku moja wakucheke."

Akatoka mvuani. Tarishi alimfungulia mwavuli, akamsindikiza hadi getini, na nikamwona akimpokea mzigo, jambo ambalo hakuagizwa.

Nilikaa chumbani na ile kompyuta hadi saa za kazi zilipokwisha. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho hesabu zangu zote hazikuwa nacho. Angeweza kujiokoa kwa sentensi moja: kwamba alisaini bila kuona. Lingekuwa kosa dogo, la uzembe, na angeondoka mwezi wa sita kama wengine. Asingeisema, kwa sababu sentensi hiyo ingewafanya waniulize mimi. Alikuwa ananikinga kwa uaminifu wangu, kitu nilichojua kwamba hakipo.

Kikao kilikaa Jumatano saa tatu, katika chumba cha wakufunzi. Mkuu, wakufunzi wawili, na karani wa kuandika muhtasari. Kabla ya kuingia mkuu alinivuta pembeni. "Wewe utajibu ukiulizwa tu. Na usihofu. Tunakuhitaji hapa, mashine ile hakuna mwingine anayeijua." Alisema kwa wema, na nadhani aliamini kwamba ananitendea wema.

Mama alikaa peke yake upande wa dirisha, amevaa gauni lake la kanisani.

"Sahihi hii ni yako?" mkuu aliuliza.

"Ni yangu."

"Uliona karatasi zikiungua?"

"Sahihi yangu ni hiyo hapo."

"Nakuuliza, mama, uliona kwa macho yako?"

Aligeuza uso dirishani. Mkufunzi mmoja akasema taratibu, "Mama, jisaidie. Sema tu."

"Kama kuna kosa, liandikeni langu," alisema. "Mimi nilikuwa natoka hata hivyo."

Karani akainamisha kalamu. Nilimwona akiandika herufi ya kwanza, na nikasimama. Ningependa kusema nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama nimeshika mgongo wa kiti.

"Hakuona," nilisema. "Alisaini kabla sijatoka, na mimi ndiye niliyeacha iwe hivyo. Hakukuwa na cha kuona. Sikuchoma."

Mkuu aliweka miwani mezani. "Binti. Fikiri kwanza."

"Nimefikiri sana, mzee."

Mkufunzi mwingine aliguna, kama mtu anayezuia kicheko, kisha akatazama chini. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisimama nitaanza kuhesabu tena. Nikawaonyesha matundu kwenye kile kipande, nikasema yanatoka kwenye printa, na printa naiendesha mimi peke yangu. Nikasema shimo lilikuwa na maji, nikapeleka kiroba jikoni kiwashie moto. Nikasema mpishi hakuambiwa ni karatasi za nini. Alipewa takataka, akazitumia kama takataka. Nikasema niliandika zimechomwa nikijua sijui, na nilipoulizwa na mkuu nilisema sijui nikijua.

Mama alikuwa amegeuka kunitazama. Sikuwa na uwezo wa kumtazama, kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje. Nilisikia tu pumzi yake ikitoka, ndefu, na sikuweza kujua kama ni ya nafuu au ya mtu aliyepigwa.

"Unajua maana ya unachokisema?" mkuu aliuliza. "Hii ni kazi yako. Kesho hutapata nyingine."

"Najua."

"Unaweza kukaa. Tutasema hatujasikia. Tuendelee na lililotuleta."

Karani alikuwa ameacha kuandika tangu niliposimama. Kalamu yake ilikuwa imelala juu ya karatasi, na chini ya ile herufi moja hapakuwa na kitu. Niliomba maneno yangu yaingie kwenye muhtasari. Alimtazama mkuu. Mkuu akatikisa kichwa kukubali, bila kunitazama. Karani akachukua kalamu, akafuta ile herufi, akasema hakuweza kufuata yote niliyosema. Nikaanza tena tangu mwanzo, polepole, ili aweze kuandika.